Machweo Peke Yake Hayaleti Filamu

Mwaka 1941 studio ya Paramount ilitoa filamu ya vichekesho iitwayo Road to Zanzibar, wakicheza Bing Crosby, Bob Hope na Dorothy Lamour. Ilitengenezwa California. Miaka 13 kabla yake, mwaka 1928, MGM ilikuwa imetoa West of Zanzibar, na nyota wake Lon Chaney naye hakuvuka bahari kuja kuigiza. Hata Bohemian Rhapsody ya 2018, inayosimulia maisha ya Freddie Mercury aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ilipigwa Uingereza. Jina la Zanzibar limeuza tiketi kwa karibu karne nzima, na mara nyingi hakuna aliyehitaji kukanyaga Unguja ili kulitumia.

Nayataja haya kwa sababu kila panapozuka mjadala wa kuvutia filamu za nje, wazungumzaji wetu huanzia ufukweni. Tuna bahari, tuna minazi, tuna machweo, tuna majumba ya kale, basi waje. Lakini minazi iko Bahamas, iko Bali, iko Mauritius. Mtayarishaji anayelipa watu 60 kwa siku hatafuti pahali pazuri tu. Anatafuta pahali ambapo kazi aliyoipanga asubuhi itakuwa imekwisha jioni. Mji wa pwani ya joto unampa hilo kwa njia ambazo wenyeji hatuzioni kwa kuwa tumezizoea, na unamnyima kwa njia ambazo hatupendi kuzisema. Mji Mkongwe una za aina zote mbili, na ndio nitakaouzungumzia zaidi.

Tuanze na jua. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki saa moja. London, mwezi Desemba, mchana haufiki saa 8. Mwezi Juni unapita saa 16. Huko ratiba ya kazi hupangwa upya kila msimu. Hapa aliyepanga kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi Januari anaweza kuibeba ratiba ileile mpaka Julai bila kuigusa. Mwongozaji mgeni hufurahi akisikia hilo, halafu hufika adhuhuri ya siku ya kwanza na furaha ikapungua. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana husimama utosini kabisa, na hata miezi mingine halipungui ukali wa kutisha. Kipaji cha uso cha mwigizaji hung'aa kama kimepakwa mafuta, na macho yake hugeuka mashimo meusi chini ya nyusi. Ufukweni, kati ya saa nne na saa tisa, kamera haina kazi ya maana isipokuwa kwa tangazo la bia.

Hapo ndipo vichochoro vinapoonyesha thamani yake. Nyumba za Mji Mkongwe zina ghorofa mbili tatu, na njia zilizo kati yake nyingi hazipishi hata gari dogo. Jua la utosini hugonga sehemu ya juu ya ukuta uliopakwa chokaa, likavunjika, likashuka chini likiwa laini, bila kivuli kikali. Kwingineko wapiga picha hutundika vitambaa vyeupe vikubwa kama matanga ili kupata mwanga wa namna hiyo. Hapa waliujenga watu wa karne ya 19 ambao nia yao ilikuwa kukwepa joto tu. Kikundi kinachoujua mji hufanya kazi ya nje alfajiri, kikaingia vichochoroni jua likipanda, kikatoka tena saa kumi jioni kwenda Forodhani.

Na kwa nini Forodhani jioni? Kwa sababu Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa. Dar es Salaam, Bagamoyo, Mombasa na Malindi zote zinatazama mashariki: bahari yao huleta mapambazuko, na jioni jua huzama nyuma ya nyumba. Mji Mkongwe ni kinyume. Saa kumi na moja jioni safu yote ya majumba ya mbele ya bahari humulikwa usoni, na rangi ya mawe hugeuka kuwa ile ambayo hakuna taa inayoweza kuiiga kwa bei ya kawaida. Kwa wapiga filamu hilo ni jambo la mfukoni pia, maana kumkusanya mwigizaji ghali saa kumi na moja jioni ni rahisi kuliko kumwamsha saa tisa usiku apakwe poda. Shida yake ni kwamba karibu na ikweta jua halizami polepole. Likishagusa maji, una dakika zisizozidi 20 za mwanga unaofaa. Waliozoea Ulaya hupoteza machweo mawili matatu kabla hawajaelewa.

Kuna na bahari yenyewe. Mgeni huiona kama pazia la buluu lililotandazwa nyuma ya waigizaji. Mvuvi yeyote angemwambia kwamba pazia hilo hupanda na kushuka. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hutofautiana kwa zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Ukipiga nusu ya mazungumzo leo saa kumi jioni, mashua inaelea nyuma ya waigizaji, halafu ukarudi baada ya siku tano kumalizia nusu iliyobaki saa hiyohiyo, utakuta mashua imekaa mchangani na watu wanaokota chaza. Mandhari yale hayatarudi kwa saa ileile mpaka zipite kama wiki mbili. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, hali ni kali zaidi, kwani maji hupwa mpaka karibu na mwamba na bahari nzima ikageuka uwanja wa mwani. Bahati nzuri, siku za bamvua maji hujaa Unguja mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo maji mengi na mwanga mzuri wa jioni huja pamoja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mtayarishaji mwenye akili hupanga ratiba yake kwa kalenda ya mwezi, kama wavuvi.

Upepo nao una kumbukumbu yake. Nimewahi kuona skripti ambamo jahazi linawasili kutoka Maskati mwezi Julai. Mtazamaji wa Chicago hatajua. Mtazamaji wa Malindi, Lamu au Sur atacheka, maana kusi haimleti mtu kutoka Uarabuni. Kaskazi ndiyo humleta, kati ya Desemba na Machi. Anayetaka tanga lijae upande unaofaa kwa hadithi yake lazima achague mwezi wa kuja. Masika, Machi mpaka Mei, hufuta kila kitu. Mvua ya masika haipendezi kwenye kamera kama watu wanavyodhani. Huonekana kama ukungu wa kijivu, na tope lake ni la kweli.

Kitu kingine kinachouza mji wa pwani ni ukaribu. Uwanja wa ndege wa Zanzibar uko kama kilomita 7 kutoka Mji Mkongwe. Msitu wa Jozani wenye kima punju hauzidi mwendo wa saa moja kwa gari. Mapango ya Mangapwani yako kaskazini, karibu zaidi. Kisiwa cha Changuu, kile cha magereza, kinaonekana kwa macho. Na ukivuka barabara ya Darajani kwenda Ng'ambo unatoka karne ya 19 na kuingia miaka ya 1970: majumba marefu ya zege ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Sijui mji mwingine wa ukubwa huu ambapo mtu anaweza kupiga kasri la sultani, msitu, kisiwa cha magereza na mtaa wa kijamaa bila kubadilisha hoteli. Katika bajeti ya filamu, kuhamisha kikundi kutoka mji hadi mji hugharimu siku nzima isiyozaa hata dakika moja ya picha. Hili la ukaribu, kwa maoni yangu, ndilo hoja kubwa kuliko zote za Zanzibar, na ndilo lisilotajwa kwenye vipeperushi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko wengi huumbuka. Majumba ya mawe ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya Waswahili ni virefu lakini vyembamba, Lamu, Unguja na kwingineko. Chumba cha upana huo ni kizuri kulala. Kukiwa na kitanda cha samadari, waigizaji wawili, kamera, mtu wa sauti na mwongozaji, hakuna pa kurudi nyuma. Lenzi pana hupotosha nyuso. Lenzi ndefu hutaka nafasi isiyokuwepo. Kuta zenye unene wa nusu mita hazitobolewi kupitisha waya, na mji uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 hauruhusu kutobolewa hata kama ungeweza. Suluhisho la kawaida ni kupiga nje Mji Mkongwe na kujenga vyumba kwingine, kwenye ghala. Hapo ndipo swali linapoibuka: ghala liko wapi, na fundi wa kujenga ukuta wa uongo yuko wapi? Mafundi wetu wa kuchonga milango wanasifika dunia nzima. Fundi anayeweza kutengeneza mlango huohuo kwa mbao nyepesi, ukafanana na mvule na kubebwa na watu wawili, ni adimu, kwa kuwa hajapewa kazi ya kumfunza.

Sauti ndiyo jaribio la mwisho la uvumilivu. Adhana mara tano, kutoka misikiti ambayo haianzi kwa pamoja. Hilo si tatizo kwa mwenye adabu na saa mkononi: unasimamisha kazi, watu wanaswali, mnaendelea. Tatizo ni vespa na pikipiki, jenereta za maduka, na kunguru. Kunguru wa Unguja waliletwa kutoka India miaka ya 1890 wale takataka za mji, wakazaana mpaka wakawa takataka yenyewe. Nimeona mtu wa sauti, bwana mpole kabisa, akirusha kandambili juu ya paa. Umeme nao umeacha kumbukumbu mbaya. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu za njia ya umeme wa kutoka Bara. Miaka mingi imepita, lakini watayarishaji wa filamu husimuliana, na jenereta la ziada bado huandikwa kwenye bajeti ya Zanzibar kabla ya chai.

Kwa filamu za kale kuna mateso ya kipekee. Anayetaka Unguja ya miaka ya 1950 hupata kuta, milango na baraza kwa ukamilifu. Akiinua kamera kidogo tu, anakutana na madishi, viyoyozi, vifungu vya nyaya na matangi meusi ya maji kila paa. Ndiyo maana filamu nyingi za hapa zinatazama chini au mbele, mara chache juu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliigeuza shida hii kuwa mtindo: usiku, kona, uso karibu, mlango nusu wazi. Iliingia tamasha la Toronto mwaka 2021, filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kufika huko. Nasema bila woga kwamba hakuna filamu ya kigeni iliyowahi kuuona Mji Mkongwe vizuri namna ile, na haikuonyesha machweo kama kadi ya posta hata mara moja ninayoikumbuka.

Lakini filamu za wenyewe ni chache. Kazi kubwa ya mji wa pwani ya joto katika biashara hii ni kuigiza mji mwingine. George Town, Penang, huko Malaysia, ndio mfano ninaoupenda. Katika Indochine ya 1992, iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, maduka yake ya kale yalisimama badala ya Saigon. Katika tamthilia ya Indian Summers, mwaka 2015, Penang ikawa Simla, mji wa milimani India, ingawa Penang yenyewe ni kisiwa cha joto. Katika Crazy Rich Asians ya 2018 jumba la Cheong Fatt Tze likaingia kwenye hadithi ya Singapore. Mji ambao wakoloni, Wachina, Wahindi na Waarabu walijenga bega kwa bega unaweza kuwa popote palipokuwa na bandari. Mji Mkongwe una mchanganyiko huohuo: roshani za Kigujarati, kuta za Kiomani, makanisa ya Wazungu, mahakama za Kiingereza zenye kuba. Unaweza kuwa Maskati, Bombay ya kale, Mogadishu kabla ya vita.

Na Mogadishu ndiyo inayotufundisha zaidi. Mombasa iliwahi kuipata nafasi hiyo, kwa kiasi. Mdenmaki Tobias Lindholm alipiga A Hijacking, ya 2012, baharini nje ya Mombasa ndani ya MV Rozen, meli ambayo kweli ilitekwa na maharamia mwaka 2007. Mmarekani Cutter Hodierne alipiga Fishing Without Nets hukohuko, na mwaka 2014 akatwaa tuzo ya uongozaji Sundance. Sababu zao zinaeleweka: bandari ya kweli, meli za kweli, kuta za matumbawe kama za Marka na Mogadishu, na Wasomali wengi wanaoishi mjini na wanaoweza kuzungumza lugha ya hadithi yenyewe. Lakini filamu zenye fedha nyingi hazikuja. Captain Phillips ya 2013 ilikwenda Malta na Moroko. Black Hawk Down ya 2001 ilipigwa Rabat na Salé. Escape from Mogadishu ya 2021, ya Wakorea, ilipigwa Essaouira, mji wa pwani ya Atlantiki wenye upepo wa baridi, usiofanana na Mogadishu kwa hewa, kwa lugha, wala kwa nyuso za watu.

Moroko ilishinda kwa nini? Kwanza, Ouarzazate imekuwa na studio kubwa tangu 1983, na kizazi kizima cha mafundi wa seti, wa farasi, wa moto na wa maleba kimekulia humo. Pili, serikali yao inajua kuazima wanajeshi na vifaru kwa filamu bila kuunda tume. Tatu, fedha: mwaka 2018 Moroko ilianza kurudisha asilimia 20 ya matumizi ya filamu ya kigeni, na mwaka 2022 ikapandisha hadi 30. Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ilianza mpango wa asilimia 30 mwaka 2013, na filamu ya Serenity ya Matthew McConaughey na Anne Hathaway, hadithi ya kisiwa cha kubuni, ikaenda kupigwa huko. Malaysia nayo inarudisha asilimia 30. Mtayarishaji mwenye bajeti ya dola milioni 10 hapigi hesabu ya uzuri wa mchanga. Anapiga hesabu ya milioni tatu.

Kuna na bima. Kampuni ya bima ya London husoma maonyo ya usafiri ya serikali yake kabla haijafungua skripti. Lamu, mji ambao kwa macho yangu ndio mzuri kuliko yote ya pwani hii, usio na magari, ambapo vifaa hubebwa na punda na hakuna mlio wa injini isipokuwa wa boti, uliumizwa na utekaji wa 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 kiasi kwamba kwa miaka mingi gharama ya bima ilizidi gharama ya waigizaji. Haikuwa haki kwa watu wa Lamu. Filamu kama Subira ilionyesha kwamba kazi inawezekana, ila ilifanywa na Wakenya wenyewe, ambao hawakuhitaji ruhusa ya bima ya mtu.

Nirudi kwetu, kwenye jambo ambalo watu wa kamera hulisema chinichini. Filamu si jambo la Muungano. Anayetaka kupiga Bagamoyo leo na Unguja kesho yuko mbele ya vyombo viwili: Bodi ya Filamu upande wa Bara na BASSFU upande wa Zanzibar. Akiingia Mji Mkongwe, kuna Mamlaka ya Uhifadhi. Akitaka kurusha droni, kuna mamlaka ya anga na vyombo vya usalama. Akisimama mtaani, kuna sheha, na haki yake sheha, kwani ndiye atakayeulizwa na watu. Kila mmoja ana sababu ya kuwepo. Ila hakuna anayeweza kumwambia mgeni, siku ya kwanza, jumla yote itachukua siku ngapi na shilingi ngapi. Marekebisho ya sheria ya Bara ya mwaka 2019 yaliongeza sharti kwamba mgeni akabidhi hata picha ghafi, na serikali iruhusiwe kuzitumia kutangaza nchi. Asiyetimiza anatozwa faini isiyopungua asilimia 5 ya gharama za filamu. Naielewa nia. Lakini studio hailiachi jambo kama hilo lipite. Picha ghafi za mwigizaji akikosea maneno, akilia, akivaa nusu, zimefungwa kwa mkataba wake. Mwanasheria wa studio akifika kwenye ibara hiyo, huwa anauliza bei ya Mauritius.

Kwamba milango inaweza kufunguka, tuliliona mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozunguka na kamera za Peter Greenberg kutengeneza Royal Tour, wakianzia Zanzibar. Hakuna barabara iliyokataa kufungwa. Bila shaka Rais hawezi kumsindikiza kila mtayarishaji. Ila ilithibitika kwamba kizuizi hakiko kwenye mawe ya mji.

Na wenyeji? Kufunga kichochoro kwa saa sita ni kumfungia mtu riziki. Mzee wa duka la viungo atakuuliza, kwa upole wa Kiunguja, "Mwanangu, mie mnanifungia mpaka saa ngapi?" na wewe utakuwa na jibu la shilingi mkononi au hutakuwa nalo. Vikundi vingi hulipa hoteli dola kwa mamia, halafu vikamshukuru mzee kwa kumpungia mkono. Watu wa hapa hawapendi kamera isiyobisha hodi, na wana sababu: Januari 1964 Waitaliano wa Africa Addio walipita angani wakipiga picha za mauaji, wakaziuza duniani bila kumuuliza yeyote aliyekuwa chini. Kuna na hatari ya mafanikio. Thailand, mwaka 1999, watengenezaji wa The Beach walichimba na kupanda minazi kwenye ufuo wa Maya ili ufanane zaidi na ndoto yao; filamu ikaleta watalii kwa maelfu kila siku, na mwaka 2018 ilibidi ufuo ufungwe mpaka 2022 ili matumbawe yapumue. Mji Mkongwe hauwezi kufungwa, una watu ndani. Na tayari haustahimili: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 na sura ya kwanza ambayo kila kamera huitafuta, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa.

Bagamoyo ina somo ambalo halisemwi vya kutosha. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, ya 2012, ilipigwa pale. Mji una magofu na boma la Wajerumani, sawa, lakini una pia TaSUBa, chuo cha sanaa chenye waigizaji, wapiga ngoma na wachezaji waliofunzwa, na Dar es Salaam iko karibu kiasi cha kurudi kulala nyumbani. Yaani kulikuwa na watu kabla ya kamera. Zanzibar ina ZIFF, tamasha linaloonyesha filamu Ngome Kongwe tangu mwisho wa miaka ya 1990, na kila mwaka linaleta watu wanaojua kazi. Wakiondoka, vijana wa Unguja waliobeba nyaya wiki nzima hurudi kuongoza watalii, kwa sababu kazi inayofuata iko miezi kumi mbele.

Ombi langu kwa BASSFU, Mamlaka ya Mji Mkongwe na wizara inayohusika ni dogo, na halihitaji hata senti ya kurudishia wageni. Chapisheni karatasi moja: vibali gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani, na nani wa kupigiwa simu pakikwama. Andikeni humo malipo ya mwenye duka na ya mtaa, ili yasitegemee huruma ya mtayarishaji. Wekeni sharti kwamba kila filamu ya kigeni ichukue vijana wa hapa kwenye idara za mwanga, sauti na seti, si kwenye kubeba maji peke yake. Tafuteni ghala moja, Maruhubi au popote, lenye dari ndefu na umeme wa uhakika, lipewe watu wa filamu kwa kodi inayolipika. Asilimia 30 itajadiliwa baadaye, na Hazina. Karatasi inaweza kutoka mwezi ujao.